Anti Riwaya anajibu: mwenye mkia na mwenye miguu

Jamani mmeniua. Toleo lililopita niliweka sentensi moja tu pale pembeni kwamba siku hizi nasoma riwaya za mapenzi kati ya binadamu na viumbe wa baharini, wale wa kwenye hadithi, basi barua zimemiminika mpaka mhariri kaniuliza kwani umeandika nini. Siwezi kuzijibu zote. Nimechagua hizi, na nyingine nimezipunguza maana mtu anaandika kurasa nne anasimulia ploti yote mwanzo mwisho ndo anauliza swali mstari wa mwisho kabisa.

Shikamoo Anti. Mi ni mama wa watoto wawili, nina kazi yangu na akili zangu timamu. Ila nimenasa kwenye hizi riwaya za wanaume wa baharini, wenye magamba na mkia. Juzi mume wangu kachukua simu yangu akasoma ukurasa mmoja kwa sauti mbele ya wadogo zake, wakacheka mpaka machozi. Akaniuliza, hivi we ulitaka mume au ulitaka samaki? Anti, niko sawa kweli?
Mama Wawili

Marahaba mdogo wangu. Uko sawa kabisa, na hili jibu naomba umsomee shemeji kwa sauti, tena mbele ya wale wale wadogo zake.

Mwambie kuna kitabu cha Japani kinaitwa Kojiki, cha mwaka 712. Humo kuna bwana mmoja wa uzao wa miungu, Hoori, alishuka mpaka kwenye jumba la mungu wa bahari akamwoa binti yake, Toyotama-hime. Siku ya kujifungua bibie akamwambia mumewe, chonde chonde, usinichungulie. Bwana akachungulia. Akakuta mkewe kawa mnyama mkubwa wa majini anajivuta pale chini, wengine wanatafsiri papa, wengine mamba. Mama wa watu aibu ikamjaa, akamwacha mtoto, akarudi kwao na njia ya baharini akaifunga nyuma yake. Na huyo mtoto, kwa mujibu wa kitabu hicho hicho, ndo baba wa mfalme wa kwanza wa Japani. Kwa hiyo hicho shemeji anachokicheka kuna watu wamekitumia kueleza ukoo wa kifalme ulikotoka.

Ufaransa nako vivyo hivyo. Karibu mwaka 1393 Jean d'Arras aliandika habari za Mélusine, mwanamke aliyekubali kuolewa kwa sharti moja tu: Jumamosi asitafutwe. Mume akavumilia miaka na miaka, watoto wakazaliwa, ngome zikajengwa, mali ikajaa, mpaka siku alipomsikiliza ndugu yake anayemtia maneno, akatoboa mlango kwa upanga akachungulia. Akamkuta mkewe anaoga, juu mwanamke kama anavyomjua, kitovuni kwenda chini ni mkia wa nyoka. Sasa hapa ndo penyewe, sikiliza vizuri. Mwanamke alijua kachunguliwa na akanyamaza, yaani alisamehe. Kilichomwondoa ni siku mume alipopandwa na hasira akamwita nyoka mbele za watu. Akatoka dirishani, akageuka joka, akaenda zake.

Halafu kuna Mjerumani mmoja, Fouqué, mwaka 1811 akaandika Undine, binti wa majini kaolewa na askari wa farasi wa heshima zake. Sharti lake lilikuwa asimkaripie wakiwa juu ya maji. Nchi kavu gomba utakavyo, ila majini hapana. Mwanaume akamkaripia wakiwa ndani ya boti, katikati ya mto Danube. Bibie akateleza pembeni ya boti, kwisha habari.

Umeona? Ndoa tatu, na hakuna iliyovunjwa na mkia. Mwanaume kaambiwa kitu kimoja akashindwa. Shemeji naye kachukua simu yako, hiyo ni kuchungulia, akasoma mbele za watu, hiyo ni ya pili. Mwambie kwa sheria za kina Mélusine saa hizi ungekuwa umeshapita dirishani.

Kuhusu kwanini zinatunasa, mi nina maelezo yangu. Huyu kiumbe hajui lolote la nchi kavu, kwa hiyo anauliza. Ile riwaya niliyoitaja toleo lililopita ina ukurasa mzima jamaa anashangaa vidole vya mguu vya yule dada, anavihesabu, anauliza hiki kidogo cha mwisho kazi yake nini, anauliza kama vinasikia baridi kila kimoja peke yake au vyote kwa pamoja. Ukurasa mzima! Sasa niambie we mara ya mwisho kuulizwa swali kuhusu kidole chako cha mwisho ilikuwa lini. Magamba wala hayanishughulishi, ni ule umakini.

Anti mambo. Nimemaliza riwaya jana saa tisa usiku, mwisho dada wa baharini kageuka povu na kaka kaoa mwingine. Nimelia mto wote umeloa, kazini nimeenda macho yamevimba. Hivi lazima hizi stori ziishe vibaya?
Nimechoka na Povu

Poa mdogo wangu, pole. Hilo povu lina mwenyewe. Ni Hans Christian Andersen, Mdenmark, mwaka 1837. Wengi tunajua ile katuni ya 1989, The Little Mermaid, yenye harusi na nyimbo, sasa ukienda kusoma ya Andersen mwenyewe unashtuka. Ulimi unakatwa. Miguu anapewa lakini kila hatua ni kama anakanyaga visu, na bado mwana wa mfalme anamfurahia anavyocheza dansi. Halafu huyo huyo anaoa mwingine. Dada zake wanauza nywele zao kwa mchawi wa bahari wamletee kisu amuue yule kaka ajiokoe, anakitupa baharini. Ndo anakuwa povu, kisha kiumbe wa hewani.

Ila jua kwamba kwa Andersen mapenzi yalikuwa njia tu, safari yenyewe ilikuwa ya kutafuta roho. Watu wa baharini kwenye hadithi yake wanaishi miaka 300 halafu basi, hawana roho ya kubaki milele, na njia ya kuipata ni moja, kupendwa na binadamu mpaka ndoa. Hilo wazo lilikuwepo zamani, Paracelsus, yule tabibu wa karne ya 16, aliandika kwamba viumbe wa majini hupata roho wakioana na mtu. Kwa hiyo hizo stori za zamani mwanamke anakwenda kwenye mapenzi kama anakwenda kwenye mtihani, na mtihani watu wanafeli. Na wanaume hawakupona, usidhani. Undine anambusu mumewe msaliti mpaka anakufa mikononi mwake, na kwenye Rusalka, ile opera ya Dvořák iliyofunguliwa Prague mwaka 1901, mwana wa mfalme naye anakufa kwa busu.

Riwaya za siku hizi habari ya roho wameiacha. Swali lao ni nani atahama. Yaani mmoja ana mapafu, mwingine ana bahari, nani anaacha kwao? Kama anayeacha ni yule yule mwenye mkia kila siku, bila hata kuulizwa, mi kitabu nakifunga.

Kuhusu mwisho mbaya, dawa yake ni ndogo. Vitabu vinavyouzwa kama riwaya za mapenzi vina mwiko wake. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi Marekani kiliweka wazi kwamba mapenzi yawe ndo kiini cha hadithi na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Kikiwa kimeandikwa fantasia au cha kutisha, hapo hakuna aliyekuahidi kitu, povu lolote linakuhusu. Na mi nasoma ukurasa wa mwisho kwanza, sioni haya.

Shikamoo Anti. Mi mwanaume, miaka 26. Mpenzi wangu kaniazima riwaya ya wale sili, wanyama wa baharini, wanaovua ngozi wakawa watu. Jamaa kaiona ngozi ya dada ufukweni kaificha, dada kakosa pa kwenda kaolewa, wakapendana. Mi nikasema jamaa mjanja, kajiongeza. Toka hapo hanisemeshi, siku ya nne leo. Kosa langu nini?
Kijana wa Ngozi

Marahaba kijana wangu. Siku nne ni chache.

Hebu nikueleze hiyo hadithi ilikotoka, visiwa vya Orkney na Shetland huko Uskoti, na Ireland pia wanayo. Sili anapanda mwambani, anavua ngozi, anakuwa mtu, anaota jua. Bila ile ngozi hawezi kurudi majini. Sasa mtu anaiiba, anaificha darini au ndani ya sanduku, mwanamke anamfuata huku analia kwa sababu ngozi yake iko kule. Anapika, anazaa, anaishi miaka. Siku moja mtoto, bila kujua, anamuuliza mama hii ngozi laini niliyoiona ni ya nini? Mama haulizi mara mbili. Anaichukua, anaenda. Kuna masimulizi anarudi kuwaangalia watoto kutokea kwenye maji, kichwa tu kinaonekana. Nyumbani harudi.

Wenyewe waliosimulia walijua, ndo maana hadithi haikumpa jamaa mwisho mzuri. Ukimfungia mtu mlango halafu ukasema amekaa kwa sababu ananipenda, umejuaje? Huwezi kujua. Hata yeye mwenyewe hawezi kujua, na hiyo ndo inayouma zaidi. Hapo hakuna mapenzi ya kuyapima, kuna sanduku na ufunguo.

Mwandishi mzuri wa leo akichukua hii hadithi anahangaika na hiyo ngozi kabla ya kitu kingine chochote. Kuna wanaofanya jamaa aiokote bila kujua ni nini, akijua anairudisha siku hiyo hiyo, na mapenzi yanaanzia hapo, dada anaondoka kweli, anazama, we msomaji unangoja, halafu sura ya saba anatokea mwenyewe kwa miguu yake. Wengine wanafanya dada ndo anampa aitunze. Tofauti na kuibiwa ni kama usiku na mchana. Kilichoandikwa kwenye hicho kitabu ulichosoma, wizi kwanza halafu mapenzi yakaota tu juu yake, huo ni uvivu wa mwandishi na we ukaupigia makofi.

Halafu jua kuna na sili wanaume. Orkney walisimulia kwamba mwanamke akimtaka anakwenda baharini maji yakijaa, anadondosha machozi saba, na jamaa anakuja. Anaita tu, haibi kitu. Nenda kaombe radhi, na usianze na neno "lakini".

Anti, naandika riwaya yangu ya kwanza. Dada mzamiaji na kaka wa kilindini. Nina sura sita ila marafiki wanasema haziaminiki. Mi nilidhani kwa kuwa ni hadithi ya kubuni naweza kuweka chochote?
Mwandishi Mchanga

Mwanangu unaweza kuweka chochote, ila maji yanabaki maji. Nikupe aibu yangu. Nilipoanza kuandika nilikuwa na kijana wa baharini, mzuri huyo, moyo umevunjika, nikaandika "chozi likamtiririka taratibu shavuni". Yuko chini ya bahari. Rafiki yangu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: limetiririka likaenda wapi? Nilikaa na hiyo karatasi wiki nzima.

Basi anza na mkia. Umeuchora upande gani? Nyangumi na pomboo mkia unapiga juu chini, papa na samaki wengine unapiga kushoto kulia. Inaonekana kitu kidogo lakini ndo inakuambia huyu kaka ni wa upande gani. Akipiga juu chini yuko karibu na wanyama wanaonyonyesha, labda ana damu ya moto, anapanda juu kuvuta hewa, na hapo hapo umepata pa kuwakutanisha kila siku bila kulazimisha, kwenye uso wa maji. Akipiga kushoto kulia ana mashavu ya samaki, ngozi ya baridi, na dada akimshika mkono atashtuka. Amua, halafu usibadilishe sura ya nne.

Sauti. Majini sauti inakimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani. Sikio la binadamu linajua sauti imetoka wapi kwa kulinganisha imefika sikio gani kwanza, sasa kwa kasi hiyo linachanganyikiwa, sauti inakuwa kama imetoka kila mahali. Hebu fikiria dada anaitwa jina lake kule chini na hajui ageukie wapi. Mi ningekupa chochote kwa tukio hilo na we umeandika "akageuka akamwona".

Rangi nayo. Nyekundu ndo inapotea mwanzo, ukishuka kama mita 10 imefifia sana. Lile gauni jekundu alilomvalia, kule chini jamaa halioni jekundu, mpaka siku watakapopanda wote juu. Usilipoteze hilo.

Baridi: maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, yanaukomba mwili joto haraka kuliko hewa ya baridi ile ile. Kwa hiyo ule usiku wao wa kukumbatiana majini mpaka alfajiri, dada hajavaa kitu, asubuhi tunazika.

Na hili la mwisho ni la hatari kweli. Karibu kila riwaya ya aina hii ina busu la pumzi, jamaa anampulizia dada hewa chini ya maji asife. Tamu sana, iache. Ila ukishuka mita 10 mkandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na hewa atakayopewa pale itatanuka mara mbili akifika juu. Akipanda amebana pumzi mapafu yanaweza kupasuka. Kwa hiyo lazima apande huku anaitoa, mapovu njia nzima, yaani ile pumzi aliyopewa na mpenzi wake anaiachia kidogo kidogo mpaka juu. We mwenyewe soma tena hiyo sentensi uniambie kama haijawa nzuri kuliko uliyoandika.

Mengine yote buni. Mji wa chini, wafalme, vita vya pweza, sitakusumbua.

Anti, nabishana na rafiki yangu, nguva ni yule dada mwenye mkia au ni mnyama? Na zile ndege-wanawake za Wagiriki zinaingiaje?
Mbishi

Nguva ni mnyama wa kweli, ananyonyesha, anapanda kuvuta hewa, anachunga majani ya baharini kama ng'ombe, kilo zake mia kadhaa. Sisi jina lake tumempa na yule dada wa hadithi, ndo utata ulipo. Januari 1493 Columbus aliandika ameona watatu wa hao wanawake wa baharini karibu na kisiwa cha Hispaniola, akaongeza kwamba sio wazuri kama wanavyochorwa. Walikuwa binamu zake nguva wa upande ule, bwana kawatazama kweli kweli kisha kalalamika sura. Wale wa Wagiriki, waliowaimbia mabaharia, kwenye michoro ya kale ni ndege wenye vichwa vya wanawake, mkia wa samaki wamevishwa karne nyingi baadaye. Kwa hiyo ubishi wako na rafiki yako, wote mmepata nusu.

Anti, binti yangu ana miaka 13 anaomba hizi riwaya. Nimruhusu?
Mama Mlinzi

Sio zote. Kuna za umri wake, zinaishia kwenye kushikana mikono, na kuna ambazo mi mwenyewe nazisoma nimegeuza simu. Kava haisemi ukweli, zote zina mkia na mbalamwezi. Angalia tahadhari kurasa za mwanzo, kisha soma sura mbili za katikati, uchafu wote huwa katikati. Ukikuta kuna ngozi imeibiwa na mwandishi anaona sawa, usimnyang'anye, someni pamoja muongee.

Anti, mi mkia siuwezi, mwili unanisisimka vibaya. Ila nataka kujaribu. Nianze wapi?
Mwoga wa Magamba

Anza na wa sili mdogo wangu, akiwa nchi kavu ana miguu kamili, utamzoea kwanza kama mtu. Ukifika ile ngozi imelowa imetundikwa mlangoni na hujasisimka, nenda kwenye pomboo. Wa pweza waache kwanza, mi mwenyewe ilinichukua mwaka. Na usisomee bafuni kama mimi, maana simu yangu ilinidondoka kwenye maji sehemu ile jamaa anataka kusema jina lake la kweli, na mpaka leo sijui anaitwa nani.